Mali Bila Daftari: Kumbukumbu za Maduka ya Kubadilisha Hundi Nchini Marekani

Mazungumzo yetu ya leo yanatupeleka Marekani, kwenye biashara ambayo wengi wa wazungumzaji wa Kiswahili waliohamia nchi hiyo hukutana nayo mara tu wanapopokea mshahara wao wa kwanza. Ni biashara ya kubadilisha hundi kwa fedha taslimu. Hata hivyo, hatutazungumzia sana fedha zenyewe. Tutazungumzia daftari linalobaki dukani baada ya fedha kuondoka.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu msemo huo huambiwa mwenye duka ili atunze hesabu zake. Leo tuutazame kutoka upande wa pili wa kaunta, upande wa mteja. Kwani daftari la duka la hundi likiandikwa kwa uongo, anayepata hasara mara nyingi si mwenye duka, bali ni mtu aliyetoka jasho kuipata hundi ile.

Kwa msikilizaji aliyeko Kigoma, Mombasa au Maskati, huenda biashara hii ikahitaji maelezo kidogo. Nchini Marekani waajiri wengi bado huwalipa wafanyakazi wao kwa hundi ya karatasi, hasa katika ujenzi, mashamba, usafi na kazi za vibarua. Mwenye akaunti ya benki huiweka hundi hiyo katika akaunti yake. Asiye na akaunti, au asiyeweza kungoja siku ambazo benki huizuia hundi kabla ya kumpa fedha, huenda kwenye duka la kubadilisha hundi. Huko huonyesha kitambulisho, husaini nyuma ya hundi, na kupewa noti papo hapo baada ya kukatwa ada. Kwa mujibu wa uchunguzi wa Shirika la Bima ya Amana la Marekani, FDIC, mwaka 2023 kaya zipatazo milioni 5.6, sawa na asilimia 4.2 ya kaya zote nchini humo, hazikuwa na akaunti yoyote ya benki. Miongoni mwa wakazi wapya wa nchi hiyo wamo wakimbizi kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambao wengi wao huzungumza Kiswahili, na ambao mara nyingi huanza kazi kabla hawajazoea taratibu za benki za huko.

Ada hiyo si ndogo kama inavyoonekana kwa mara moja. Katika jimbo la New York, kanuni iliyotolewa mwaka 2023 iliweka kikomo cha asilimia 2.2 kwa hundi za kawaida za mishahara. Mtu anayepokea hundi ya dola 600 kila wiki anaweza kukatwa hadi dola 13 na senti 20. Kwa wiki 52 za mwaka hizo ni dola 686 na senti 40, yaani zaidi ya mshahara wake wa wiki moja. Katika jimbo la Florida sheria inaruhusu hadi asilimia 5 kwa hundi za aina nyingi. Kwa hundi ile ile ya dola 600, ada yaweza kufika dola 30 kwa wiki, na dola 1,560 kwa mwaka. Basi mtu akilipa kiasi hicho kwa huduma hii, ana haki ya kuuliza: pamoja na noti ninazopewa, ninapata ulinzi gani?

Sehemu kubwa ya jibu imo katika leseni na katika daftari.

Biashara hii ilishamiri katika miaka ya 1930, wakati benki nyingi za Marekani zilipoanguka na wafanyakazi wakabaki na hundi mikononi bila mahali pa kuzibadilisha. Haikuchukua muda mrefu majimbo yakaona haja ya kuisimamia. Jimbo la Illinois lilitunga sheria yake mwaka 1943, na New York ikafuata mwaka 1944. Tangu hapo, katika majimbo yanayotoa leseni, leseni imekuwa na maana tatu. Kwanza, mwenye duka ajulikane ni nani na fedha zake zatoka wapi. Pili, ada iwe na kikomo na ibandikwe mahali panapoonekana. Tatu, vitabu vya duka viwe tayari kufunguliwa siku mkaguzi atakapobisha hodi. Maana hii ya tatu ndiyo inayozishikilia zile mbili za mwanzo. Kwani mkaguzi atajuaje kwamba ada haikuvuka kikomo, kama hakuna mahali ilipoandikwa?

Juu ya sheria za majimbo ipo sheria ya taifa zima. Mwaka 1970 Marekani ilitunga sheria inayoitwa Sheria ya Usiri wa Benki. Jina hilo lina kinaya ndani yake, kwa maana sheria yenyewe ilikuja kuliondoa pazia la usiri. Iliwataka wanaoshika fedha za watu watunze kumbukumbu na kuitaarifu serikali juu ya miamala mikubwa ya fedha taslimu, ili fedha za uhalifu zisipate pa kujificha. Usimamizi wake leo uko mikononi mwa FinCEN, kitengo cha Wizara ya Fedha ya Marekani kilichoundwa mwaka 1990.

Kwa mujibu wa kanuni za kitengo hicho, duka linalombadilishia mtu mmoja hundi za zaidi ya dola 1,000 kwa siku moja huhesabiwa kuwa biashara ya huduma za fedha. Duka hilo lazima lijiandikishe kwa FinCEN, na uandikishaji huo uhuishwe kila baada ya miaka miwili. Lazima liwe na mpango wa maandishi wa kuzuia utakatishaji wa fedha haramu, liteue mtu wa kuusimamia mpango huo, liwafundishe wafanyakazi wake, na lihakikishe kwamba mpango unapitiwa na mtu asiyehusika na uendeshaji wake. Endapo litatoa au kupokea zaidi ya dola 10,000 taslimu kwa mteja mmoja katika siku moja, hata kama ni kwa vipande vipande, lazima lithibitishe mteja huyo ni nani na lipeleke ripoti serikalini katika muda wa siku 15. Nakala za ripoti hizo, pamoja na kumbukumbu nyingine zinazodaiwa na sheria, hutunzwa kwa miaka mitano.

Hapo pana jambo ambalo wateja wengi hawalijui. Kumgawia mtu fedha kwa mafungu madogo madogo kwa makusudi, ili tu ripoti ile isiandikwe, ni kosa la jinai. Ni kosa hata kama fedha zenyewe ni halali. Mfanyabiashara mwenye hundi halali ya dola 12,000 hana la kuogopa akijaziwa fomu. Lakini akishauriwa alete hundi mbili za dola 6,000, na kila moja ibadilishwe kwa siku yake ili kuikwepa fomu hiyo, yeye na aliyemshauri wamekwisha kuvuka mpaka wa sheria.

Sasa tuingie ndani ya daftari lenyewe, na tuchukue mfano wa jimbo la Florida, ambalo masharti yake ni miongoni mwa yale yaliyoandikwa kwa undani zaidi. Duka lenye leseni Florida hutakiwa kutunza nakala ya kila hundi liliyoibadilisha, na kuihifadhi kwa miaka isiyopungua mitano. Hundi ikizidi dola 1,000, masharti huongezeka. Duka hutunza nakala ya kitambulisho chenye picha ya mteja, na huchukua alama ya dole gumba lake wakati anapoileta hundi. Ikiwa hundi imeandikwa kwa jina la kampuni, duka lazima liwe na jalada la kampuni hiyo. Zaidi ya hayo, taarifa za muamala huingizwa katika hifadhi ya kielektroniki ya jimbo: tarehe, jina la aliyeandika hundi, jina la aliyeandikiwa, jina la aliyeileta kama ni mtu mwingine, kiasi cha hundi, kiasi kilicholipwa taslimu, aina ya hundi, ada iliyokatwa, na aina na nambari ya kitambulisho. Na kama aliyeandikiwa hundi ni kampuni, hutakiwa pia nambari ya bima yake ya fidia kwa wafanyakazi, au ya cheti cha kusamehewa bima hiyo.

Msikilizaji atashangaa. Bima ya mfanyakazi aliyeumia kazini inahusiana vipi na duka la kubadilisha hundi? Hapa ndipo ilipo roho ya mazungumzo yetu.

Katika Florida, mwajiri wa ujenzi mwenye hata mfanyakazi mmoja hutakiwa kumkatia bima ya fidia. Bima ya kazi za hatari, kama kuezeka mapaa, ni ghali. Mwaka 2008 baraza kuu la mahakama la jimbo lilitoa ripoti kali juu ya maduka ya kubadilisha hundi, na mwaka 2011 kikaundwa kikosi kazi cha kuchunguza namna maduka hayo yalivyotumiwa kuikwepa bima. Njia iliyotumika ilikuwa hivi. Mtu huandikisha kampuni hewa, mara nyingi kwa jina la mtu mwingine aliyelipwa kidogo ili atoe jina lake. Kampuni hiyo hukata bima ndogo kabisa, kana kwamba ina vibarua wawili watatu, na hupata cheti cha bima. Kisha cheti hicho hukodishwa kwa wakandarasi wadogo wasio na bima yoyote. Mkandarasi mkuu, akiona cheti, huandika hundi kwa jina la kampuni hewa. Hundi hupelekwa kwenye duka lililokubali kufumba macho, ambalo hujichukulia sehemu yake. Maelfu ya dola hutoka taslimu, na vibarua hulipwa kwa noti ndani ya bahasha. Kodi hazilipwi, michango ya hifadhi ya jamii haipelekwi, wala bima haipo.

Udanganyifu huo wote ulitegemea jambo moja: daftari la duka la hundi linyamaze au liseme uongo. Ripoti ya zaidi ya dola 10,000 haikuandikwa, au iliandikwa kwa jina la mtu ambaye hakukanyaga dukani. Na siku kibarua alipoanguka kutoka juu ya paa, hapakuwa na karatasi hata moja iliyoonyesha kwamba aliajiriwa, alilipwa kiasi gani, wala kwamba bima ilikuwapo kwa ajili yake. Mkandarasi mwaminifu naye aliumia kwa njia yake, kwa sababu hangeweza kushindana kwa bei na mtu asiyelipa bima wala kodi.

Ndiyo maana mwaka 2013 watunga sheria wa Florida waliamuru kuanzishwa kwa hifadhi ile ya kielektroniki. Mamlaka zinapoweza kulinganisha hundi zilizobadilishwa na bima iliyokatwa, kampuni inayodai kuwa na vibarua watatu huku ikibadilisha hundi za mamilioni ya dola hujianika yenyewe. Basi ule mstari mmoja wa daftari, unaodai nambari ya bima, ni mstari wa kumlinda mtu aliye juu ya paa, ingawa yeye mwenyewe huenda asijue kamwe kwamba upo.

Lakini haki inatutaka tuseme na upande wa pili. Kumbukumbu zina gharama, na gharama hiyo haiwaangukii watu wote sawasawa. Mwenye akaunti benki huweka hundi yake kwa simu akiwa amekaa sebuleni. Asiye na akaunti husimama kwenye foleni, hutoa kitambulisho na, penye sharti kama la Florida, huacha alama ya dole gumba kwa fedha alizozifanyia kazi. Kwa mtu aliyekimbia nchi ambako kuandikwa jina kwenye orodha kuliweza kuwa hatari, hilo si jambo jepesi.

Mfano wa karibuni ulionyesha jinsi mzani huo unavyoweza kuelemea upande mmoja. Mwezi Machi mwaka 2025 FinCEN ilitoa agizo la muda kwa biashara za huduma za fedha katika maeneo 30 ya posta yaliyo karibu na mpaka wa Mexico, katika majimbo ya California na Texas. Agizo liliteremsha kiwango cha kuandikiwa ripoti kutoka zaidi ya dola 10,000 hadi zaidi ya dola 200. Kwa kiwango hicho, karibu kila hundi ya mshahara wa wiki ingeandikiwa ripoti. Wenye maduka walilalamika kwamba wangezama katika makaratasi na kuwapoteza wateja, na baadhi yao walikwenda mahakamani. Mwezi Septemba mwaka huo agizo lilipotolewa upya, kiwango kilipandishwa hadi dola 1,000. Upande mwingine wa mzani, kile kiwango cha kawaida cha dola 10,000 kiliwekwa katika miaka ya 1970, na kwa zaidi ya nusu karne hakikupandishwa, ingawa thamani ya dola ilishuka sana katika muda huo. Fedha iliyokuwa nyingi kupindukia wakati ule, leo yaweza kuwa bei ya gari lililotumika.

Funzo tunaloliona ni kwamba ubora wa daftari haupimwi kwa unene wake. Daftari linaloandika kila kitu juu ya kila mtu huishia kusomwa na mtu yeyote kwa shida. Daftari zuri huandika yale yanayohitajika, huyaandika kwa ukweli, na huyalinda. Neno hilo la kulinda lina sheria yake pia. Kwa mujibu wa sheria ya Marekani ya mwaka 1999 kuhusu taarifa za wateja wa huduma za fedha, maduka ya kubadilisha hundi yamo katika kundi la wanaopaswa kuzihifadhi taarifa hizo kwa usalama. Nakala ya kitambulisho chako haipaswi kutupwa kwenye jalala wala kuachwa wazi juu ya kaunta, na hata wakati wa kuiharibu ukifika, huharibiwa kwa njia ambayo hakuna atakayeweza kuisoma.

Wasikilizaji wapendwa, kabla ya kufikia tamati, tuwaachie wale walioko Marekani mambo machache ya kuzingatia.

Kwanza, tazama kama leseni na bango la ada vimebandikwa dukani. Ukikosa kuviona, uliza, na usiporidhika na jibu, nenda duka lingine.

Pili, daima dai stakabadhi inayoonyesha kiasi cha hundi, ada na kiasi ulichopewa. Itunze pamoja na kile kipande cha hundi kinachoonyesha makato ya mshahara. Hilo ndilo daftari lako wewe. Siku mwajiri atakapokana kwamba ulimfanyia kazi, au siku utakapodai mafao yako, karatasi hizo ndizo zitakazokusemea.

Tatu, toa jina lako la kweli, na usikubali hundi ya mtu mwingine ibadilishwe kwa jina lako, hata akiwa ni jamaa au mtu wa kwenu. Na akija mtu kukupa dola mia kadhaa ili kampuni iandikishwe kwa jina lako, ujue kwamba anakununua wewe. Yeye ataondoka na fedha, na jina litakalobaki daftarini ni lako.

Nne, usiikatekate hundi kubwa ili kukwepa fomu. Fomu si shitaka, bali ni kumbukumbu tu, na mwenye mali ya halali hulindwa nayo.

Mwisho, kama mazingira yako yanakuruhusu, fikiria kufungua akaunti katika benki au chama cha ushirika cha akiba na mikopo. Tumekwisha kuona kwamba ada ya mwaka mmoja yaweza kulingana na mshahara wa wiki nzima au zaidi. Fedha hiyo ingeweza kumlipia mtoto karo huko nyumbani.

Kwa wenye maduka, na wamo pia wahamiaji waliofungua biashara hiyo, neno letu ni fupi. Mkaguzi huja kwa nadra, lakini mteja huja kila Ijumaa jioni, vumbi la kazi likiwa bado mabegani. Unapoandika jina lake na kiasi chake kama kilivyo, unamwekea ushahidi ambao huenda siku moja akauhitaji kuliko fedha ulizomhesabia. Na unapoandika uongo, unakuwa umeshiriki kumpokonya.

Hapo ndipo yanapokoma mazungumzo yetu ya leo.